Mtoto Asiyeweza Kuandika na Chombo cha Kumsaidia: Namna ya Kuamua

Mtoto asiyeona akipewa mashine ya Breli, hakuna mwalimu atakayesema kwamba amependelewa. Sababu ya kumpa iko wazi mbele ya kila mtu. Lakini yuko mtoto mwingine, ambaye mwanachuo atamkuta karibu katika kila darasa atakalopangiwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Macho yake yanaona na masikio yake yanasikia. Uwanjani huwasimulia wenzake mambo kwa ufasaha, na hesabu za kichwa huzijibu upesi. Hata hivyo, daftari lake la imla hurudi na alama tatu kati ya ishirini, wiki baada ya wiki, na insha yake haizidi mistari miwili. Mtoto huyu huitwa mvivu, au mzito, na mara nyingi hukaa nyuma ya darasa hadi amalize Darasa la VII bila mtu kujua alichokuwa nacho kichwani.

Zamani mwalimu aliyetaka kumsaidia mtoto wa namna hii alikuwa na chaki na subira. Siku hizi ana kitu cha tatu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na wanachuo wengi wana simu zenye programu inayosikiliza maneno ya Kiswahili na kuyaandika. Huduma hiyo ya kuandika kwa sauti Google iliipa lugha yetu mwaka 2017. Basi ni jambo la kawaida mwanachuo kujiuliza: kwa nini nisimpe mtoto huyu chombo hiki, aseme, nacho kiandike?

Swali hilo ni zuri, lakini limeanzia mwisho. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa kwamba uamuzi huanza kwa kuichambua kazi ya kuandika na kupatafuta mahali mtoto anapokwama ndani yake. Chombo huja baadaye, na pengine hakiji kabisa.

Chombo saidizi ni nini?

Tusidhani kwamba chombo saidizi ni lazima kiwe na umeme. Kitambaa kilichozungushwa kwenye penseli ili vidole visiteleze ni chombo saidizi. Ubao mdogo uliowekwa mteremko juu ya dawati, daftari lenye mistari mipana, kadi za silabi ambazo mtoto huzipanga badala ya kuandika, vyote hivyo ni vyombo. Kisha hufuata kibodi ya kompyuta, programu ya kusahihisha tahajia, programu inayopendekeza neno baada ya mtoto kuandika herufi moja au mbili, programu inayomsomea kwa sauti alichoandika, na ile inayogeuza sauti kuwa maandishi. Wala jambo hili si geni. Moja ya mashine za kwanza kabisa za kupigia chapa ilitengenezwa na Mwitalia Pellegrino Turri karibu na mwaka 1808, kwa ajili ya mwanamke asiyeona aliyetaka kuandika barua zake mwenyewe. Taipureta iliyokuja kukaa katika kila ofisi ilikuwa, katika asili yake hiyo, chombo cha mtu mwenye ulemavu.

Mwalimu asidhani pia kwamba anafanya hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inataka mtoto mwenye ulemavu anayesoma katika shule ya kawaida apewe huduma za kumsaidia kujifunza. Kwa hiyo kumnyima mtoto chombo anachokihitaji ni kosa. Lakini kumpa chombo asichokihitaji nako kuna madhara yake, kwa sababu kila saa anayoitumia kuhangaika na chombo kisichomfaa ni saa ambayo hakufundishwa kuandika.

Kazi tatu ndani ya kazi moja

Tumezoea kusema kwamba mtoto "anaandika" kana kwamba hilo ni tendo moja. Kwa kweli mtoto anayeandika insha hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Mkono wake huchora herufi. Kichwa chake huligawa kila neno katika sauti na kuitafutia kila sauti herufi yake, yaani huliendeleza neno. Na juu ya hayo hutafuta la kusema, hulipanga, na hukumbuka alipofikia. Mtaalamu Virginia Berninger na wenzake huko Marekani walieleza jambo hili kwa kutenga kazi za kunukuu, ambazo ni za mkono na tahajia, na kazi ya kutunga, zote zikigombania akili ile ile yenye nafasi ndogo ya kushika mambo kwa muda. Kwa mwandishi aliyekomaa, mkono na tahajia hujiendesha vyenyewe. Kwa mtoto ambaye bado anatafuta jinsi ya kuandika "ny", wazo alilokuwa nalo limekwisha kumtoka kabla hajaimaliza "nyumba".

Hapa ndipo penye siri ya uamuzi wote. Chombo chochote cha kuandikia huondoa mzigo mmoja kati ya hiyo mitatu. Kibodi huondoa mzigo wa kuchora herufi, lakini tahajia huiacha pale pale. Programu ya kupendekeza maneno hupunguza mzigo wa tahajia, na hudai usomaji. Programu ya sauti huondoa mkono na tahajia kwa pamoja, lakini hakuna hata moja kati ya hizi inayomtungia mtoto. Basi usipojua ni mzigo upi unaomwelemea, utamwondolea ule alioweza kuubeba.

Kumpima mtoto kwa siku nne

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji fedha. Kinahitaji mwalimu mwenye saa, kalamu na mahali pa utulivu kwa dakika ishirini kila siku.

Siku ya kwanza mwite mtoto kando, wenzake wasimsikie, umwombe akusimulie jambo alilolifanya yeye mwenyewe: jinsi alivyochunga mbuzi, au alivyotumwa mashineni kusaga mahindi. Andika kila anachosema kwa maneno yake mwenyewe, bila kumsahihisha. Siku ya pili mwache aandike mwenyewe juu ya jambo la namna hiyo hiyo, kwa muda ule ule. Siku ya tatu mpe aya fupi kutoka katika kitabu anachokimudu kukisoma, ainakili kwa dakika tano, kisha hesabu herufi alizoandika na utazame umbo lake. Siku ya nne ni ya imla, lakini si imla ya maneno ya kubahatisha. Chagua kwanza maneno ya silabi nyepesi kama meza, kuku, dada na baba. Halafu yenye sauti za puani zilizoungana na nyingine kama mbuzi, ndizi, jembe. Kisha yenye sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili au zaidi kama shamba, chai, dhahabu, nyuki, ng'ombe. Na mwisho yale magumu kama kunywa na mkwaju.

Weka karatasi hizo nne pamoja juu ya meza. Mwalimu atashangaa jinsi watoto watatu waliopata alama tatu kati ya ishirini wanavyotofautiana.

Mtoto wa kwanza alisimulia habari za mbuzi kwa dakika nane, na bado alikuwa na la kusema. Karatasi yake ya kunakili, hata hivyo, ina herufi chache zilizopandana, nyingine zimeshuka chini ya mstari, na penseli imetoboa karatasi. Mpe mtoto huyu kadi za herufi na umwambie alipange neno "mbuzi". Akilipanga sawasawa, basi tahajia anaijua. Mkono ndio unaomwangusha. Hali hii ikiwa kubwa na ya kudumu, wataalamu huiita disgrafia. Huyu ndiye kibodi inayeweza kumfaa. Lakini kabla ya kibodi, mwalimu atazame anavyoshika penseli, urefu wa dawati lake, na kiasi cha kunakili ubaoni anachotakiwa kukifanya kila siku. Wapo watoto wanaonakili kurasa nne kwa siku na hawafundishwi hata mara moja namna ya kuiandika "g".

Mtoto wa pili naye alisimulia vizuri. Amenakili aya yake kwa hati nzuri ya kupendeza, hata mtu angedhani ni mwanafunzi hodari. Imla yake inasema mengine: "buzi", "dizi", "samba", "numba", "kuya". Maneno mepesi ameyapata, ila "baba" ameandika "dada". Tatizo lake liko katika kuzitenga sauti na kuzilinganisha na herufi. Likiwa zito, na likiendelea kuwapo baada ya kufundishwa vizuri, huenda ni disleksia. Mwalimu wa kawaida hana mamlaka ya kutamka neno hilo juu ya mtoto. Kazi yake ni kuandika alichokiona na kumwita mwalimu wa elimu maalumu.

Mtoto wa tatu alisema sentensi mbili akanyamaza. Aliyoyaandika mwenyewe ni sentensi mbili hizo hizo. Mkono hauna neno, na kosa lake la imla si la namna moja. Huyu hana haja ya chombo cha kuandikia hata kidogo. Pengine Kiswahili si lugha ya nyumbani kwake, na inafaa mwalimu amtafute mtu wa kumsikiliza akisimulia katika lugha hiyo. Pengine hajapata kuzungumza na mtu mzima aliyetaka kumsikia. Ukimpa kishikwambi chenye programu ya sauti atakiambia sentensi mbili.

Kabla ya kumwingiza mtoto yeyote katika mojawapo ya mafungu hayo, mwalimu ahakikishe mambo mawili. Mtoto apimwe macho na masikio. Asiyesikia vizuri ataandika "samba" kwa sababu ndivyo alivyosikia. Na kitabu cha mahudhurio kifunguliwe. Tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la I na la II uliwekea mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, lakini mtoto aliyekuwa mgonjwa kwa nusu ya Darasa la I hakufundishwa, na mtu hawezi kusema kwamba ameshindwa kujifunza jambo ambalo hakufundishwa.

Tahajia ya Kiswahili ina mambo yake

Vyombo vingi tunavyovisikia vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza. Katika lugha hiyo neno laweza kuandikwa kwa namna isiyofanana na linavyotamkwa, na hivyo mtoto mwerevu huhitaji kukariri maelfu ya maneno. Kiswahili si hivyo. Herufi zetu karibu zote hutamkwa kwa namna moja kila zinapotokea. Wengine wamelichukua jambo hili kuwa na maana kwamba hakuna mtoto wa Kiswahili mwenye haki ya kushindwa kuendeleza maneno. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto katika Kiswahili na kuyachapisha mwaka 2003, walionyesha kinyume chake, kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si kazi ndogo. Naye Heinz Wimmer, aliyechunguza watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, ambacho nacho kina utaratibu kuliko Kiingereza, alieleza mwaka 1993 kwamba watoto wenye disleksia walisoma kwa usahihi mkubwa lakini polepole mno. Hilo ni onyo kwetu. Mtoto wetu mwenye tatizo aweza kujificha nyuma ya usahihi, na dalili yake ikawa ni mwendo wa kinyonga.

Sasa tuvitazame vyombo kwa jicho hilo. Programu ya kusahihisha tahajia hulitia alama neno isilolijua. Mtoto akiandika "numba", itamwonyesha. Lakini akiandika "dada amekwenda sokoni" alipokusudia baba, programu itanyamaza, maana dada ni neno halali. Hali kadhalika mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r akiandika "kura" mahali pa "kula", mashine haitaona kosa. Makosa yanayomsumbua mtoto wetu zaidi ndiyo ambayo mashine haiyaoni.

Programu ya kupendekeza maneno nayo ina shida mbili. Ya kwanza ni kwamba hutegemea herufi za mwanzo. Mtoto anayeandika "b" akitafuta mbuzi ataletewa baba, bado na baada, na mbuzi hatamwona kamwe. Ya pili inatokana na maumbile ya vitenzi vyetu. Kitenzi cha Kiingereza kina sura nne au tano tu, na zote zaweza kuwekwa katika orodha. Lakini kutokana na "leta" sisi tunapata analeta, tumeletewa, hawakutuletea, atakayeniletea, na mamia ya nyingine. Orodha ya maneno mazima haiwezi kuyamaliza. Programu hizi zitamsaidia mtoto katika nomino na maneno mafupi, na kumwacha peke yake penye vitenzi, ambako ndiko kwenye uzito.

Programu ya sauti ndiyo inayovutia zaidi, na kwa mtoto wa pili niliyemweleza yaweza kuwa ukombozi. Lakini sharti moja halikwepeki: mtoto aweze kukisoma kilichoandikwa. Mashine ikisikia "mbali" badala ya "mbari", mtoto asiyesoma hatajua. Atakabidhi karatasi iliyojaa maneno safi ambayo si yake. Pale programu ya kumsomea kwa sauti ipatikanapo, itumike pamoja na hiyo. Kuna pia kelele za darasa la watoto wengi, na kuna hitaji la intaneti, ambayo katika shule nyingi haipo. Na kwa kuwa sauti ya mtoto mara nyingi hupelekwa mbali kwa njia ya intaneti ili igeuzwe maandishi, mzazi aombwe ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuwasahau watoto.

Uchunguzi umeonyesha nini?

Mwaka 1987 Charles MacArthur na Steve Graham walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita huko Marekani waliokuwa na matatizo ya kujifunza. Kila mmoja alitunga hadithi kwa njia tatu: kwa mkono, kwa kompyuta, na kwa kumwambia mtu aliyeziandika. Hadithi walizozisema zilikuwa ndefu na bora zaidi. Zile za mkono na za kompyuta hazikutofautiana kwa ubora. Mwanachuo alisome jambo hili mara mbili: kompyuta peke yake, pasipo mafunzo, haikuongeza kitu.

Mwaka 2004 MacArthur, pamoja na Albert Cavalier, walilirudia jambo hilo kwa wanafunzi wa sekondari, safari hii wakiwa na mashine inayosikia sauti. Wanafunzi wenye matatizo ya kujifunza waliandika insha bora zaidi walipomwambia mtu. Zikafuata walizoiambia mashine, na za mwisho zikawa za mkono. Kwa wenzao wasio na matatizo hayo, njia hizo tatu hazikuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo chombo hakikuwapendelea walengwa. Kiliondoa kizuizi ambacho wengine hawakuwa nacho. Na tuone vilevile kwamba chombo kilichoshinda vyote ni binadamu mwenye kalamu. Huyo anapatikana katika kila shule ya kijiji. Aweza kuwa mwalimu, aweza kuwa jirani wa dawati, mradi afundishwe kuandika anachoambiwa bila kukitengeneza.

Chombo cha kutumia na mahali pa kukitumia

Hapa yafaa kutofautisha masomo mawili ya kuandika yanayochanganywa kila siku. Katika kipindi cha imla au cha mwandiko, kuandika ndiko kunakofundishwa. Mtoto akiandikiwa na mtu au na mashine, hakuna kilichobaki cha kupimwa. Katika kipindi cha Sayansi, mwalimu anapotaka hatua za ukuaji wa mbu zielezwe, kuandika ni njia tu ya kulifikisha jibu. Mtoto anayejua kwamba yai huwa lava, lava akawa pupa, na pupa akawa mbu, anastahili alama zake hata kama jibu limetoka kinywani. Kumtoza alama za Sayansi kwa sababu ya tahajia ni kumpima jambo moja kwa kipimo cha jingine.

Umri nao una neno. Kwa Darasa la I na la II, mimi sioni sababu ya kukimbilia mashine isipokuwa kwa ulemavu wa mkono ulio dhahiri. Graham na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba watoto wadogo wenye mwandiko dhaifu waliopewa vipindi vya ziada vya mwandiko waliendelea katika mwandiko na pia katika wepesi wa kutunga. Mkono ukifundishwa, fikra hupata nafasi. Lakini mtoto wa Darasa la VI ambaye amefundishwa kwa miaka mitano na bado mkono haumtii, haifai aendelee kusubiri, maana masomo yanampita. Huyo apewe chombo kwa ajili ya masomo mengine, huku akiendelea kufundishwa tahajia dakika chache kila siku. Mambo hayo mawili hayapingani.

Mmarekani Joy Zabala aliweka katika miaka ya 1990 utaratibu unaotumiwa na walimu wengi wa elimu maalumu. Mwalimu amwangalie mtoto, kisha mazingira, kisha kazi anazotakiwa kuzifanya, na chombo kiwe cha nne. Katika shule zetu neno "mazingira" lina uzito wa pekee. Umeme upo? Nani atakichaji kishikwambi, na kitalala wapi usiku? Watoto wengine sitini watafanya nini mmoja akikitumia? Wasipoelezwa, watamcheka au watamwonea wivu, na mtoto atakikataa. Mtoto mwenyewe aulizwe pia. Betsy Phillips na Hongxin Zhao, waliochunguza watu wazima 227 wenye ulemavu wa aina mbalimbali, waliripoti mwaka 1993 kwamba karibu asilimia 30 ya vifaa walivyokuwa navyo vilikuwa vimeachwa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa vilipochaguliwa. Mtoto wa miaka kumi na moja ana maoni. Pengine atakuambia kwamba afadhali kadi za silabi kuliko simu, kwa kuwa kadi anaweza kwenda nazo nyumbani.

Baada ya kuchagua, chombo kijaribiwe kwa muda uliopangwa. Wiki ya kwanza mtoto aandike kwa njia yake ya kawaida, mwalimu aweke karatasi. Wiki mbili zinazofuata ajifunze kukitumia chombo pasipo kupimwa, maana mtu hawezi kuhukumiwa kwa jembe asilolizoea. Wiki ya nne aandike siku moja kwa chombo na siku moja kwa mkono, kwa maswali yanayolingana. Kisha mwalimu ahesabu maneno, amwombe mwenzake asiyejua ni karatasi ya nani aseme ni maneno mangapi anayoweza kuyasoma, na atazame kama swali limejibiwa. Maneno yakiongezeka lakini jibu likabaki lile lile, chombo hakijasaidia. Mimi siipendi tabia ya kumkabidhi mtoto simu na kurudi mezani kusahihisha madaftari. Hayo si majaribio.

Liko jambo moja linalomhusu mwanachuo kuliko mwalimu wa kudumu. Yeye ataondoka baada ya wiki chache, na simu yake ataondoka nayo. Mtoto aliyeonja kuandika kwa sauti na kunyang'anywa baada ya mwezi mmoja amefanyiwa jambo baya kuliko aliyeachwa kama alivyokuwa. Kwa hiyo, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo achague tu kile kitakachobaki shuleni: kadi, daftari la mistari mipana, jirani wa dawati aliyefundishwa kuandika anachoambiwa, au kishikwambi cha mwalimu wa darasa ikiwa yeye mwenyewe amekubali na amekwisha kukaa na mtoto mara mbili au tatu. Karatasi zile nne za kipimo zitiwe tarehe, ziambatanishwe na karatasi za wiki ya majaribio, na zikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa pamoja na maelezo ya nusu ukurasa: mtoto anakwama wapi, nini kilijaribiwa, yeye mwenyewe alisemaje, na katika masomo yapi anaruhusiwa kujibu kwa mdomo. Nakala moja mwanachuo abaki nayo katika faili lake la mazoezi, kwa kuwa mkufunzi atakapokuja kukagua atataka kuziona karatasi hizo kabla ya kukitazama kishikwambi.